Yowe Lipigwe Mahali Salama

Kwaruu.

Mlango wa jiko ulikwaruza sakafu. Ilikuwa saa kumi na moja alfajiri na nje bado kulikuwa na giza. Restuta alisimama, mkono ukiwa kwenye kitasa. Aliusukuma tena polepole, asiwaamshe watoto.

Kwaruu.

Mlango huo aliutengeneza mumewe, Edgar. Kwa miaka sita ulikuwa ukifunguka kwa kidole kimoja.

Edgar alitokea nyuma yake na koti lake mkononi. Alimfunika nalo mabegani, kisha akautazama mlango.

"Mbao zimevimba kwa mvua," alisema.

"Mwaka jana mvua haikunyesha?"

"Ilinyesha."

"Mbona hazikuvimba?"

Edgar aliinama akapapasa fremu ya mlango, chini mpaka juu. Alichukua muda.

"Hazijavimba," alisema. "Fremu imelala upande."

Ilikuwa siku ya tano ya mvua. Kitongoji chao kiliitwa Rwakatete, upande wa Bweranyange. Nyumba kumi na moja zilikaa chini ya kilima, kila moja katikati ya migomba na mibuni yake. Restuta alikuwa mwenyekiti wa kitongoji hicho. Wengine walimwita mwenyekiti kwa heshima. Wengine walimwita hivyo kwa utani. Mzee Rwegoshora hakumwita hivyo hata siku moja. Yeye alikuwa baba mkubwa wa Edgar, kwa hiyo kwa Restuta alikuwa baba mkwe. Nyumba yake ndiyo ilikuwa ya juu kuliko zote. Aliishi humo na mjukuu wake Ainebyona, msichana wa miaka mitano.

Kulipopambazuka, Restuta alipanda kilimani kukata mkungu wa ndizi. Alifika kisimani kwanza. Maji yalikuwa mekundu kama udongo wa matofali. Akaendelea kupanda. Juu ya nyumba ya Mzee Rwegoshora aliona migomba imeinama, yote upande mmoja.

Kisha akauona ufa.

Ulipita katikati ya migomba, ukaenda mbali kuliko macho yake. Upana wake ulitosha kuingia mguu wa mtu mzima. Restuta alirudi nyuma hatua tatu. Alitoa simu mfukoni mwa koti la Edgar, akampigia mtendaji wa kijiji.

"Usisogee hapo," mtendaji alisema. "Nawapigia wataalamu wa wilaya, Kayanga."

Baada ya nusu saa alipiga tena. Wataalamu wangekuja kesho, kwa sababu barabara ilikuwa imejaa tope. Lakini watu wa chini ya kilima watoke leo, kabla ya giza. "Nakutumia tangazo kwenye simu," alisema. "Uwasomee wananchi."

Sasa Restuta alitakiwa kuwaita watu kumi na moja wenye nyumba pamoja na jamaa zao. Akafanya kile ambacho mama yake angefanya, na bibi yake pia. Aliweka viganja mdomoni akapiga enduru.

Kwa Wanyambo, wenyeji wa huku, enduru ni yowe la hatari. Anayelisikia huacha alichoshika akakimbilia linakotoka. Iwe mwizi, iwe moto, iwe nyoka, unakimbia kwanza, unauliza ukishafika. Asiyekwenda hukumbukwa siku yake ikifika.

Watu wakaja. Walitoka kila upande wakipanda kilima mbio, na majembe, na mapanga, na watoto nyuma yao. Benadeta, jirani yao, alikuja na mtoto mgongoni na kitambaa cheupe kichwani. Hata Bibi Kokugonza alikuja. Masikio yake hayakusikia tena. Aliwaona wenzake wanakimbia, naye akashika fimbo akafuata.

"Nani kafa?" Bibi Kokugonza aliuliza kwa sauti kubwa.

Watu arobaini walisimama kando ya ufa. Walisukumana ili wauone vizuri. Restuta alisimama juu ya kisiki akasoma tangazo kama lilivyokuwa kwenye simu.

"Wananchi wote waishio katika maeneo hatarishi wanatakiwa kuhama mara moja. Atakayekaidi atachukuliwa hatua kali."

"Maeneo hatarishi ndiyo wapi?" mtu aliuliza.

"Kuhama kwenda wapi?"

"Na mbuzi?"

Restuta aliangalia simu. Majibu hayakuwamo.

Wakati huohuo ukingo wa ufa ulikatika. Haukupiga kelele kubwa. Ulishuka tu, kama mtu anayekaa chini kwa uchovu. Benadeta alikuwa amesimama pale. Edgar alimdaka mkono akamvuta, yeye na mtoto, wote wakaanguka upande wa huku. Kitambaa cheupe kilinasa kwenye mgomba ng'ambo ya ufa, kikabaki pale kikining'inia.

Watu walikimbia. Wengi walikimbia kuteremka, moja kwa moja chini ya ule ufa.

Mzee Rwegoshora hakukimbia. Alimkabidhi Ainebyona kwa Edgar, kisha akamgeukia Restuta. Hakupandisha sauti.

"Mke wa mwanangu," alisema, "enduru humwita mtu kwenda kuokoa. Wewe umetuita tuje tusimame mdomoni mwa shimo. Halafu umesimama juu ya kisiki unatutishia hatua kali."

Alimchukua mjukuu wake akashuka nyumbani. Aliufunga mlango.

Mpaka saa nne hakuna aliyekuwa ametoka. Badala yake kulikuwa na maneno. Cassian, mkulima aliyewahi kuchimba madini ya bati huko Kyerwa, alikuwa barazani kwa Benadeta.

"Nawaambia, wameona bati," alisema. "Kwanza wanakuambia kilima kibovu. Unatoka. Ukirudi unakuta kamba na watu wa vipimo."

"Na ufa?" Benadeta aliuliza. Mkono wake bado ulimuuma.

"Nyufa zipo kila masika. Au nyumba yako haina ufa?"

Watu wakacheka kidogo. Maneno yale yakapita nyumba hadi nyumba, upesi kuliko miguu ya Restuta.

Restuta alikuwa nyuma ya jiko. Alikuwa amekaa mbele ya lundo la ndizi na kisu mkononi, lakini hakuwa anamenya. Machozi yalikuwa yakimtiririka. Salvina alimkuta hapo. Salvina alikuwa mhudumu wa afya ya jamii. Alijulikana kwa viatu vyake vya mvua na kwa kubisha hodi kabla hajafika. Safari hii hakubisha hodi. Aliketi, akachukua kisu cha pili, akaanza kumenya.

Walimenya ndizi sita.

"Nimesikia," Salvina alisema.

"Umesikia nini?"

"Kwamba umepata bati na umemnyima mume wako."

Restuta alicheka na machozi yake. Kisha akasema, "Salvina, kilima kinakuja. Wako watu hamsini na wawili chini yake. Nimewaambia na hawataki. Niwafanyeje? Niite polisi?"

"Uliwaambia nini?"

Restuta alimwonyesha simu. Salvina alisoma, akarudisha.

"Hapa nimesoma kwamba nitaadhibiwa," alisema. "Sijasoma kitakachonipata. Sijasoma niende wapi, kwa njia gani, nirudi lini. Mtu akiogopa, akili yake inashika maneno machache tu. Ukimpa vitisho, atashika vitisho."

"Lakini hata mimi sijui kila kitu. Sijui kama kitaanguka leo au kesho. Kinaweza kisianguke kabisa."

"Basi sema hivyo."

"Niseme sijui? Mimi mwenyekiti?"

"Hili tulifundishwa Kayanga wakati wa semina ya maradhi, na nimeliona kwa macho yangu. Sema unalolijua. Sema usilolijua. Kisha sema la kufanya sasa hivi. Ukijifanya unajua usilolijua, wakikukamata kwa hilo hawatakusikia tena hata ukisema kweli."

Restuta alianza kumenya.

"Na hili la bati?"

"Wewe ungekuwa Cassian, ungewaza nini? Amewahi kufukuzwa machimboni asielezwe kwa nini. Hana ubaya. Mahali pasipo na maelezo, mtu hutunga yake. Usimgombeze. Mtafutie jibu, asikie kwa masikio yake."

Restuta alifikiri. Kisha akasema lile lililokuwa likimchoma tangu asubuhi.

"Nimepiga enduru pabaya. Wangekufa pale, Salvina. Benadeta na mtoto wake."

"Umejua, imetosha. Watu wetu wakisikia enduru wanakwenda wapi?"

"Inakotoka."

"Hilo hatulibadilishi leo. Wala si baya. Ni wema wa wazee wetu. Sasa tunataka watu waende wapi?"

Kisu cha Restuta kilisimama hewani. Alitazama upande wa barabara. Kule, kwenye mgongo wa ardhi ngumu, ng'ambo ya mikaratusi, paling'aa paa la ghala la kahawa la Luqman.

"Tukipiga kule," alisema polepole, "watakimbilia kule."

Walikwenda kwanza kwa Luqman. Alikuwa mfanyabiashara, mwenyeji wa Kayanga, na ghala lake msimu huu lilikuwa tupu. Restuta alijiandaa kumbembeleza. Hakupata nafasi.

"Mama mwenyekiti, watu wangapi?" Luqman aliuliza.

"Hamsini na wawili."

"Wanawake na watoto walale ndani. Wanaume kwenye kibaraza, nitaweka turubai. Mbuzi nyuma. Adija!" Alimwita mkewe. "Weka maji ya uji." Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Tulipopata msiba, Rwakatete nzima ilikuja kwetu. Mimi sijasahau."

Kutoka hapo Restuta alimpigia mtendaji. Aliuliza maswali yote ya watu, moja baada ya jingine, mpaka yakaisha. Kisha wakaenda kwa Benadeta, mahali palipokuwa na Cassian na watu wengine kumi.

Restuta hakusimama. Alisalimia kila mtu, akamuuliza Benadeta hali ya mkono wake. Akaketi kwenye mkeka. Aliongea Kinyambo, kama mtu anayeongea nyumbani.

"Asubuhi nilikosea," alisema. "Niliwaita mahali pa hatari na nikawasomea vitisho. Nisameheni. Sasa nimekuja kusikia. Cassian, shemeji yangu, umesikia nini kuhusu bati?"

Cassian alitazama chini. Hakutegemea kuulizwa vizuri.

"Nimesikia tu."

"Kwa nani?"

"Kuna mtu alisema sokoni."

"Ngoja tumuulize mtendaji. Nisiulize mimi. Uliza wewe."

Aliweka simu katikati ya mkeka, sauti ikiwa juu. Cassian alikohoa, akauliza. Mtendaji alijibu kwamba hakuna mtu aliyeomba kupima bati Rwakatete. Kila kibanja, yaani nyumba na shamba lake, ni cha mwenyewe, na mgambo wawili watalinda njia kwa zamu ndizi zisiibwe. Kisha akasema, "Na lile tangazo la hatua kali, nalifuta. Niliandika kwa haraka na kwa hofu."

Si kila siku mtu wa ofisi anasema hivyo.

"Tunalolijua ni hili," Restuta alisema. "Ufa umeongezeka tangu alfajiri. Maji ya kisima ni mekundu. Mlango wangu umekwama. Hizo ni dalili za udongo kutembea. Tusilolijua ni saa. Unaweza kuanguka leo, unaweza usianguke. La kufanya: kabla ya saa kumi jioni twende kwa Luqman. Tupite njia ya mikaratusi, pembeni. Mtu asishuke bondeni, kwa sababu udongo ukija utapita huko. Siwaombi kibanja. Nawaomba usiku wa leo."

"Na kesho?" Benadeta aliuliza.

"Kesho asubuhi nitakuja kuwaambia wataalamu wamesema nini. Wasipofika, nitakuja kuwaambia hawajafika."

Benadeta aliinuka akaanza kufunga godoro.

Salvina aliuliza kama kuna mtu ambaye hatasikia enduru ikipigwa. Wote walitamka jina moja. Bibi Kokugonza.

"Nitambeba mimi," Cassian alisema. Hakuna aliyemtuma.

Kumi kati ya nyumba kumi na moja zilikubali. Mpaka saa tisa watu walikuwa wakipita kwenye mikaratusi na mafurushi, kuku na vyungu. Cassian alipita na Bibi Kokugonza mgongoni.

"Unanibeba kama mkungu wa ndizi," bibi alilalamika. "Kama unanipeleka sokoni, niambie bei niliyonunuliwa."

"Bibi, wewe huuziki," Cassian alisema, akisahau kwamba hasikii.

Ilibaki nyumba ya Mzee Rwegoshora.

Restuta alipanda kwa njia ya pembeni. Mvua ilikuwa imekatika, lakini udongo ulikuwa mzito kama uji. Alimkuta mzee kwenye kigoda mbele ya mlango. Alipiga magoti kwenye tope, kama mkwe anavyomsalimia baba.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Asubuhi ulikuwa juu ya kisiki. Sasa uko chini."

"Ndiyo, baba. Asubuhi nilisahau wewe ni nani."

Mzee alimtazama magoti yake. Aliingia ndani akatoka na ngozi ya mbuzi, akaitandika. "Kalia hapa. Tope ni baridi."

Restuta akakaa. Hakusema habari ya ufa. Alisema, "Baba, nieleze kwa nini hutaki kutoka."

Mzee akaanza.

"Zamani tuliwahi kuondolewa. Mafuriko yanakuja, walisema. Tukalala kanisani siku nne. Mafuriko hayakuja. Sikulaumu, mvua ni ya Mungu. Lakini aliyetutoa hakurudi. Hakuja kusema rudini, hakuja kusema kaeni. Siku ya tano tulirudi wenyewe kama kondoo. Mikungu yangu tisa ilikuwa imekatwa. Na Mackrine wangu alishikwa na homa ya mapafu kwenye sakafu ile. Unaona kaburi lake pale, chini ya mbuni? Nikitoka, nani atakaa naye?"

Restuta aligeuka akalitazama kaburi.

"Pole, baba," alisema. "Sikuijua habari hiyo. Mimi nitarudi. Kila asubuhi na kila jioni, nikiwa na jipya au nikiwa sina."

"Hivyo ndivyo wanavyosema."

"Najua."

Kilima kilitoa sauti ndogo, kama tumbo la mtu mwenye njaa. Wote wawili waliisikia. Ainebyona alitoka ndani akashika vazi la babu yake.

Mzee alimpapasa kichwa. "Mchukue huyu," alisema. "Mimi nabaki."

"Baba..."

"Nimesema nabaki. Lakini nisikilize. Nina miaka sabini na minane. Sijawahi kusikia enduru nikakaa kwenye kigoda. Ukiipiga mara ya pili, nitakuja."

"Itapigwa ghalani kwa Luqman. Utapita njia ya mikaratusi?"

"Nitapita ya mikaratusi."

Ilikuwa nusu ya ndiyo. Restuta aliipokea hiyo nusu, akambeba mtoto, akaondoka.

Edgar alikuwa ameketi kwenye mikaratusi, mahali pagumu, akiangalia kilima. Kile kitambaa cheupe cha Benadeta bado kilikuwa kwenye mgomba wa juu. Edgar alikuwa amekaa mahali ambapo kitambaa kilionekana sawasawa na ncha ya paa la mzee.

"Kikiondoka kwenye ncha ya paa, udongo umetembea," alimwambia mkewe. "Nitapunga koti. Wewe piga."

"Huna koti. Ninalo mimi."

"Basi lete."

Restuta alimvalisha, akaenda ghalani.

Saa kumi ilipita. Salvina alihesabu watu. Hamsini na mmoja, pamoja na Edgar kule kwenye mikaratusi. Adija aligawa uji, na aliwapa wazee kwanza. Watu walinywa wakiwa wamesimama, nyuso zao zikielekea kilimani. Jua lilitoka kidogo, na kilima kilionekana kizuri na kibichi. Hilo lilikuwa baya kuliko mvua, kwa maana watu walianza kuuliza kama walikuwa wamekimbia bure.

Cassian alimsogelea Restuta.

"Piga sasa," alisema. "Mzee amekwisha kuahidi. Piga, aje, yaishe."

Restuta alikuwa akiliwaza hilo tangu aketi. Viganja vyake vilikuwa tayari karibu na mdomo. Alimtazama Salvina. Salvina alimwachia aamue mwenyewe.

"Akija akakuta nimemdanganya," Restuta alisema, "atarudi juu. Na nikipiga tena hatakuja. Enduru ya uongo hupigwa mara moja tu."

"Na kilima kikija kabla?"

Ainebyona alikuwa mapajani mwa Restuta, akiuliza babu atakunywa uji saa ngapi.

Saa kumi na moja kasorobo, Edgar alisimama. Alitazama juu, akainamisha kichwa upande, akatazama tena. Kisha akalivua koti akalipunga kwa mikono miwili.

Restuta alipiga enduru. Haikuwa kama ya asubuhi. Hii ilitoka tumboni. Benadeta akaipokea. Adija akaipokea, na wanawake wote wa ghalani, mpaka bonde likajaa yowe. Hata Bibi Kokugonza aliona midomo yao, akafungua wake.

Walitazama nyumba ya juu. Mlango haukuonekana kutoka pale. Ilionekana migomba na njia tu. Njia ilikuwa tupu.

Walipiga tena.

Kisha mtu alitokea kwenye migomba. Alikuwa anatembea, hakuwa anakimbia. Mkono mmoja alikuwa na fimbo. Mkono wa pili alikuwa na kigoda. Mbuzi wake alimfuata nyuma.

"Kigoda," Cassian alinong'ona. "Mzee huyu amerudi ndani kuchukua kigoda."

Njia iligawanyika pale mbele. Moja iliteremka bondeni, fupi na rahisi. Nyingine ilikwenda pembeni kwenye mikaratusi. Mzee alisimama kwenye njiapanda. Akageuka akashika ya mikaratusi. Edgar alikwenda hatua kumi kumpokea, akamshika kiwiko, wakaja pamoja.

Walikuwa hawajafika ghalani kilima kilipoanguka.

Migomba ilitembea ikiwa imesimama, kama watu kwenye maandamano. Kisha ikalala. Mngurumo ulikuja baadaye. Udongo ulichukua nyumba ya Mzee Rwegoshora, na jiko la Restuta pamoja na mlango wake, na nyumba nyingine mbili, ukashuka bondeni ukaifunika ile njia fupi yote. Halafu pakawa kimya, ila matope yaliyotapakaa na harufu ya udongo mbichi.

"Hamsini na wawili," Salvina alisema. Mzee na Edgar walipofika, alihesabu tena kwa kugusa kila mtu begani. "Hamsini na wawili."

Mzee Rwegoshora aliweka kigoda chake chini, akaketi, akampakata mjukuu wake. Alitazama kule kulikokuwa na mbuni na kaburi. Aliliangalia eneo hilo muda mrefu. Luqman alimletea uji mwenyewe, akasimama kando yake.

Kesho yake asubuhi, saa moja, Restuta alifika ghalani. "Wataalamu wako njiani," alisema. "Hawajafika. Mtu asirudi kule kuchukua kitu. Nitakuja jioni." Jioni alikuja. Wataalamu walikuwa wamefika. Walisema nyumba saba zinaweza kurudi baada ya siku kumi kama mvua itapungua. Nyumba nne zitajengwa upande wa barabara. Kwa swali lililokosa jibu alisema, "Hilo sijui. Nitauliza." Kesho yake alileta jibu.

Cassian naye alikwenda sokoni siku ya mnada. Mtu alianza kusimulia habari ya bati. Cassian alimkatiza akamweleza alichokiona, na mwisho akamwambia, "Nami nilisema kama wewe." Watu walimsikiliza kuliko ambavyo wangemsikiliza mwenyekiti.

Kitongoji kilikubaliana jambo moja. Enduru ya kilima itapigwa ghalani tu. Kila mtoto alifundishwa njia ya mikaratusi, na kila asiyesikia au asiyeweza kutembea alipewa jirani wa kumfuata. Waliifanyia mazoezi, wakacheka sana, kwa sababu Bibi Kokugonza alikataa kubebwa na mwingine isipokuwa Cassian.

Baada ya miezi mitatu Mzee Rwegoshora alikuwa na nyumba ndogo upande wa barabara. Vijana wa parokia waliijenga, na Edgar alitengeneza mlango. Ulifunguka kwa kidole kimoja. Mbele ya nyumba, Restuta alikuwa amepanda mche wa mbuni. Ulitoka kwenye ule mbuni wa kaburini, kwa mbegu alizoziokota Benadeta kwenye tope.

Asubuhi moja Restuta alikuja kama kawaida. Alipiga magoti akasalimia.

"Baba, leo nimekuja kuaga zamu," alisema. "Kila mtu ana nyumba. Mtaalamu amemaliza. Sina habari tena za kuleta."

Mzee alivuta kigoda cha pili akakipangusa kwa kiganja.

"Kaa, mwenyekiti," alisema.

Restuta aliinua uso. Mzee alikuwa akiangalia mche wake, kana kwamba hakusema neno lolote la ajabu.

"Hata siku zile hukuwa na jipya na bado ulikuja," alisema. "Kesho uje tena."